Wazazi wa gredi ya 7, 8 na 9: mnawaandaaje watoto kwa chuo?

#1 MamaPendo_Umoja
Habari zenu. Kijana wa jirani yangu hapa Umoja alipata A- kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, akaitwa chuo kikuu kusomea uhandisi. Ploti nzima tulichanga, kuanzia shuka na blanketi hadi nauli. Muhula wa pili hakurudi. Yuko nyumbani, hasemi na mtu. Mamake ananiuliza tatizo lilianzia wapi, na mimi sina la kumjibu.

Binti yangu yuko gredi ya 8, shule ya serikali. Naona watoto hawa hutengenekea au kuharibikia hapa hapa, kati ya miaka 12 na 15, na sisi wazazi hushtuka wakiwa kidato cha nne ndipo tunakimbilia tuisheni. Sasa hata hicho kidato cha nne kinaondoka, mfumo mpya unahesabu gredi hadi ya 12. Mzazi afanye nini leo, kabla ya gredi ya 10? Msiniambie niombe Mungu, naomba kila siku. Nataka kusikia mnachofanya nyumbani kwenu.

#2 BabaYao_Rongai
Pole kwa kijana wa jirani, Mama Pendo. Lakini mtoto wa miaka 13 kumwanzishia habari za chuo kikuu ni kumzeesha. Mfumo wenyewe unabadilika kila uchao. Mtihani wa gredi ya 9 ndio utakaoamua kila kitu, basi mwacheni mtoto apumue hadi afike huko. Wangu yuko gredi ya 7, masomo 14 yanamtosha Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi ni mpira.

#3 Mwl_Kayole
Baba Yao, nakurekebisha kwa upole kwa sababu wazazi wengi watasoma hapa. Masomo 14 yalipunguzwa hadi 9 mwaka 2024. Halafu KJSEA, huo mtihani wa gredi ya 9, haiamui kila kitu: ina asilimia 60. Asilimia 20 zinatoka kwa mtihani wa KPSEA aliofanya gredi ya 6, na 20 nyingine ni tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8. Kijana wako tayari anaziweka hizo alama kwenye kapu, mpira au bila mpira.

Mama Pendo, mimi nafunza Sayansi Jumuishi na Hisabati sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi 9. Nitakwambia ninachokiona kila wiki. Mtoto anajua jibu lakini hajui swali linamtaka nini. Swali linasema "linganisha", yeye anaeleza kitu kimoja tu, aya nzima, mwandiko mzuri, kisha anashangaa kupata alama moja. Linasema "toa sababu", yeye anataja. Nikimwita mezani nimwambie asome swali kwa sauti halafu anieleze kwa maneno yake, wengi wananyamaza. Huyo ukimpeleka chuo kikuu apewe kitabu cha kurasa 600, atafanya nini nacho?

Kwa hivyo nyumbani, kabla ya kuangalia jibu, mwulize mtoto: swali linataka nini? Huhitaji kuijua sayansi yenyewe. Mama ambaye hakumaliza shule anaweza kuuliza hilo.

La pili ni sehemu, desimali na namba hasi. Mtoto akiingia gredi ya 9 bado anaogopa -3 ukiondoa -7, aljebra itamshinda, na aljebra ikimshinda, fizikia na kemia za sekondari pevu (gredi ya 10 hadi 12) zitamshinda pia. Hili pengo halizibwi na tuisheni ya wiki mbili. Linazibwa na dakika chache kila siku.

#4 Karis_Kasarani
Nafuatilia.

#5 KomredeMwaka3
Mimi niko mwaka wa tatu, uhandisi, chuo kimoja hapa Nairobi, kwa hivyo nimsemee huyo kijana wa Umoja kidogo. Watu wanafikiri kozi ndiyo ngumu. Kozi ni ngumu, sawa, lakini kinachowamaliza wengi ni kwamba hakuna mtu anayekwambia leo soma ukurasa gani. Sekondari kulikuwa na kengele, prepu, mwalimu wa zamu, bwana wa bweni. Hata kuamka uliamshwa. Chuo mhadhiri anaingia, anafundisha saa mbili, anataja kitabu, anaondoka. Mko mamia kwenye ukumbi. Usipokuja hakuna anayekuuliza.

Tulikuwa na wenzetu wa A safi waliokwama muhula wa kwanza, na wenzetu wa B waliopita vizuri kwa sababu kwao nyumbani walizoea kujipangia. Rafiki yangu mmoja wa Dandora amelelewa na mama anayeondoka saa kumi usiku kwenda sokoni Marikiti. Tangu darasa la saba yeye ndiye aliyekuwa akijiamsha, akiandaa wadogo zake na kupanga saa yake ya kusoma. Huyo hakutishika na chuo hata siku moja.

Wazazi, muwape watoto wa gredi ya 7 na 8 nafasi ya kujipangia jioni yao. Wakikosea, wakosee wakiwa kwenu.

#6 Mhasibu_SouthB
Yote mliyosema ni kweli lakini hakuna aliyegusa pesa. Mama Pendo hajatuambia kama huyo kijana alikuwa na chakula. Nimeona wengi wakiacha masomo na kuambiwa ni wavivu, kumbe ni njaa na kodi.

Binti wa gredi ya 8 leo ana takriban miaka mitano kabla ya kuingia chuo. Ukiweka shilingi 2,000 kila mwezi kwa miaka mitano, ni 120,000 kabla hujahesabu riba. Sacco, hazina ya soko la fedha (money market fund) iliyosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, popote panapolipa riba na ambapo huwezi kuzitoa kwa hamaki. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, upo, lakini ni mkopo, na hautafika siku ile mtoto anaposhuka matatu na begi lake. Mwezi wa kwanza ni wa mzazi.

Na mtoto ajue kwamba hiyo akaunti ipo. Anayejua kwamba nyumbani kuna kitu kimewekwa kwa ajili yake husoma kwa namna nyingine.

#7 Nesi_Buruburu
Mhasibu, hapo mwisho umenigusa. Lakini mimi nafikiri huyo kijana huenda alisomea kozi ambayo si yake. A- Kenya hii ni uhandisi, udaktari au uanasheria, hata kama mtoto anatetemeka akiona nyaya. Mama Pendo, nani alijaza fomu ya KUCCPS, hao wanaopanga wanafunzi vyuoni?

Kwa watoto wetu wa sasa uamuzi huo umesogezwa chini. Wanachagua mkondo wakiwa gredi ya 9: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kisha ndani ya mkondo wanachagua masomo matatu juu ya yale ya lazima. Anayeota kuwa nesi au daktari na hakuchukua Biolojia na Kemia gredi ya 10, ndoto hiyo amejifungia mwenyewe akiwa na miaka 15. Na si kila shule ina mikondo yote mitatu, kwa hivyo kuchagua shule na kuchagua mkondo ni jambo moja. Kundi la kwanza lilichagua shule 12 kila mtoto. Jirani yangu alizijaza kwenye simu akiwa foleni ya benki.

Mimi wangu, gredi ya 8, nimeshamketisha kwenye tovuti ya KUCCPS tukaangalia kozi moja moja inataka masomo gani. Najua masharti yatabadilika wao wakifika, maana wa kwanza wao watamaliza gredi ya 12 mwaka 2028. Lakini alishtuka kuona usanifu majengo unataka nini, na siku hiyo hiyo akaacha kusema hesabu haina kazi.

#8 BabaYao_Rongai
Nesi, wangu ataenda Sanaa na Michezo, na huko hesabu si lazima. Tumemaliza.

#9 Mwl_Kayole
Ni lazima, Baba Yao. Mwanzoni ilipendekezwa iwe ya hiari kwa mikondo mingine, lakini Aprili 2025 serikali ilibadilisha baada ya wananchi kulalamika. STEM wanafanya hisabati kamili, wengine wanafanya hisabati ya msingi. Hakuna anayeikwepa.

Na mkondo wa michezo si uwanja tu. Kuna nadharia ya mwili, lishe, majeraha. Mwanao akipenda mpira, mwulize kwa nini mchezaji hukakamaa misuli dakika ya 80. Hapo umemwingiza kwenye biolojia kwa mlango wake.

#10 BabaYao_Rongai
Hilo la misuli nitamwuliza jioni. Asante, Mwalimu. Lakini nasimama pale pale: mtoto asiyecheza haandaliwi, anachoshwa.

#11 Shosho_Waithaka
Wajukuu zangu, hamjambo. Ninalea watatu, mkubwa yuko gredi ya 9.

Nasoma hapa hesabu, pesa, mikondo. Kijana wa A- anarudi nyumbani na hasemi na mtu, na hakuna aliyeuliza kama alikuwa na mtu wa kusema naye huko. Mimi naona alianguka kwa upweke. Tunawafundisha watoto kutusomea ripoti, hatuwafundishi kutuambia "nimeshindwa". Mtoto akileta AE, yaani "anakaribia matarajio", nyumbani anapigiwa kelele, kwa hivyo anajifunza kuficha. Akifika chuo anaficha kubwa zaidi.

Kwangu jioni simu zote zinalala kwenye kikapu juu ya kabati, na yangu imo. Tunakula, kila mmoja anasema kitu kimoja kilichomshinda siku hiyo. Mimi huanza. Mwanzo walicheka, sasa mdogo ndiye anayekumbusha. Huyo wa gredi ya 9 ndivyo tulivyojua kwamba haoni ubao vizuri. Miezi mingapi alikuwa akinakili kwa rafiki yake! Tumempatia miwani.

#12 Nesi_Buruburu
Shosho, ubarikiwe. Wazazi, pimeni macho ya watoto.

#13 FundiStima_Githurai
Mimi nina ugomvi na uzi mzima. Kila mtu akisema chuo anamaanisha chuo kikuu. Chuo kikuu ni C+ kwenda juu. Diploma ni C-, cheti cha ufundi ni D, na hata mwenye E kuna kozi ya ufundi inayompokea, na KUCCPS hiyo hiyo ndiyo inayowapanga. Nimesomea polytechnic, nimefanya majaribio ya ufundi ya NITA, nina leseni ya umeme ya EPRA, nalipa karo ya wawili. Kijana wa Umoja alitakiwa aambiwe akiwa mdogo kwamba njia ni nyingi, asingeona kuacha moja ni mwisho wa dunia.

Somo la Pre-Technical liko palepale gredi ya 7 hadi 9 na wazazi wanaliona la kujazia. Mtoto anachora mchoro wa kiufundi, anapima, anajifunza vifaa na usalama. Yule anayetaka uhandisi wa chuo kikuu ndiye anayelihitaji zaidi! Nimefanya kazi na wahandisi wenye digrii ambao hawajawahi kushika bisibisi kabla ya mwaka wa tatu.

Mtoto wa miaka 13 apelekwe aone kazi. Amwone nesi, fundi, mhasibu, mpishi wa hoteli. Siku nzima, siyo picha ya mtandaoni.

#14 KomredeMwaka3
Fundi, hilo la bisibisi limenichoma lakini ni kweli. Karakana ndiyo iliyotutenganisha mwaka wa kwanza.

#15 DadaDallas
Nawasoma kutoka Texas. Niongeze kwa wanaowazia watoto wao waje huku, maana napigiwa simu sana na jamaa wa Nairobi wakiuliza kama vyuo vya Marekani vinataka ripoti za gredi ya 7. Havitaki. Rekodi wanayoiangalia huanza gredi ya 9 hadi ya 12. Lakini msilale: huku mtoto anayemaliza aljebra ya kwanza gredi ya 8 ndiye anayefika kalkulasi gredi ya 12 bila kuruka kitu, na kozi za sayansi na uhandisi zinapenda kuiona. Yaani Mwalimu wa Kayole na walimu wa huku wanasema jambo lile lile.

SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya huku, siku hizi hufanywa kwa kompyuta, kwa hivyo mtoto azoee kusoma maandishi marefu kwenye skrini bila kurukia video. Hiyo si kazi ya mwezi mmoja.

#16 Karis_Kasarani
Kompyuta tutoe wapi, dada? Na kusoma wapi? Tuko watano chumba kimoja, TV ya jirani inaunguruma hadi saa tano.

#17 Msomaji_Makadara
Karis, maktaba! Kuna ya Makadara na ya Kaloleni, ambazo ni matawi ya maktaba ya McMillan, na McMillan yenyewe iko Banda Street tangu 1931, pale karibu na msikiti wa Jamia. Kuna pia ya KNLS, huduma ya maktaba ya taifa, pale Buruburu. Wazazi wa Eastlands wanapita nje kila siku wakidhani ni ofisi.

Mpeleke mara ya kwanza wewe mwenyewe. Mtoto wa gredi ya 7 akiingia peke yake anaona watu wazima wamekaa kimya na anageuka mlangoni. Wangu nilimwacha achague chochote, akachukua kitabu cha magari, mara tatu mfululizo kile kile. Sikumwambia kitu. Sasa anasoma riwaya za Kiswahili na kunisimulia kwenye matatu hadi kondakta anauliza iliishaje.

#18 BintiWaKibra
Mimi ni wa kwanza kwetu kufika chuo. Nawapa kitu ambacho hakuna aliyekitaja: cheti cha kuzaliwa. Kwenye cheti changu jina la baba lilikuwa na herufi moja tofauti na ya shuleni. Darasa la nane walisema si kitu. Nilipofika kwenye kitambulisho na maombi ya mkopo ikawa kiapo cha wakili, barua ya chifu, foleni, na muhula ulikuwa umeanza.

Tafadhali chukueni cheti leo, muweke kando ya ripoti ya shule na vitambulisho vyenu, muangalie herufi kwa herufi na mpangilio wa majina. Jina ambalo shule imesajili ndilo litakalotoka kwenye vyeti vya mitihani. Kurekebisha akiwa gredi ya 7 unaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, bila presha. Akiwa na barua ya chuo mkononi ni vita.

#19 MamaPendo_Umoja
Nimesoma kila neno, asanteni. Nesi, fomu ilijazwa na mjomba. Shosho, ulilosema nimempelekea mamake.

Baada ya Mwalimu na Komrede kuandika, nilijaribu kitu. Nauza mitumba ya watoto soko la Gikomba. Jana jioni nikampa Pendo daftari langu nikamwambia yeye aweke bei. Bale 14,000, usafiri na mengineyo 1,000. Nguo 140, lakini 20 ni fagia, zile mbovu, hizo ni mbao mbao tu, shilingi 20 kila moja. Akaandika 400 za fagia, akaziondoa kwa 15,000, akagawa iliyobaki kwa 120. Akaniambia, "Mama, ukiuza 120 unapoteza mia mbili. Isishuke 122." Halafu mwenyewe akauliza: na zile za kamera, zile safi kabisa, mbona tuziuze bei moja na zingine? Tukakaa hadi saa nne tukizipanga kwa makundi. Huyu ndiye mtoto ambaye ripoti inasema anakaribia matarajio kwenye Hisabati!

#20 Mwl_Kayole
Mama Pendo, hizo ni sehemu, wastani na faida kwa pamoja. Mwambie aandike hatua zake zote, asiishie kichwani. Mtihani unataka hatua.

#21 Karis_Kasarani
Nirudi kwa Mhasibu. Mimi niliweka pesa kwenye bima ya elimu ya kampuni moja, nikakwama mwaka wa tatu, nilipotaka kutoka nikarudishiwa kidogo kuliko nilichoweka. Watu wajue.

#22 Mhasibu_SouthB
Pole, Karis. Ndiyo sababu sikuitaja bima. Ina kazi yake: mzazi akifariki, mtoto analipiwa. Lakini ukiivunja mapema unaumia, na wenye mapato ya kupanda na kushuka huivunja. Kabla ya kutia sahihi, uliza kwa maandishi: nikiacha mwaka wa pili napata ngapi?

#23 Nesi_Buruburu
Mimi bima yangu imenisaidia nilipofiwa na mume. Kwa hivyo tusiipake matope. Inategemea mtu.

#24 KomredeMwaka3
Mama Pendo, kuhusu kijana wa jirani. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha masomo, na pia wa kuomba kubadilisha kozi. Asikae akidhani nafasi imepotea. Aende ofisi ya msajili wa masomo na barua yake, au niunganishe naye kwa ujumbe wa faragha nimsindikize. Na kila chuo kina mshauri wa wanafunzi, hata kama tunapita mlango wake tukiangalia kando.

#25 MamaPendo_Umoja
Nimekutumia ujumbe, mwanangu. Mungu akulinde.

#26 BabaYao_Rongai
Nimemwuliza kijana habari ya misuli. Hakujua, akaenda kutafuta, amenihubiria habari za chumvi na maji tangu tulipoanza kula. Fundi, ulisema watoto waone kazi. Kazini kwako kuna nafasi ya mgeni?

#27 FundiStima_Githurai
Jumamosi tunapitisha waya kwenye nyumba ya ghorofa mbili Utawala. Aje saa mbili asubuhi. Hatagusa kitu chenye stima, atashika futi na kuandika vipimo. Avae viatu vilivyofunika vidole, na wewe uje naye, Baba Yao, kuna dari ya kushikiliwa.